Chumba Kilichoandikwa Stoo

Fomu ilikuwa ya kurasa tatu, na swali lililoniangusha lilikuwa la nne: nani analala humu? Si nani anamiliki, wala nani analipa pango. Nani analala. Profesa Huang alitusisitizia hilo wiki nzima kabla hatujapewa vitambulisho vya mradi. Wageni wa Ulaya waliokuwa wakishirikiana na chuo chetu walikuwa wamekarabati mitaa ya nyumba za watu wa kipato cha chini huko kwao, wakajifunza kwa kuumia kwamba mtu asipoandikwa mwanzoni, nyumba ikishapendeza hana pa kurudi. Kwa hiyo walitaka kila kichwa kihesabiwe, mwenye nyumba na mpangaji, mwenyeji na mgeni. Atakayeandikwa atatafutiwa pa kukaa wakati kazi inaendelea, ataitwa kwenye vikao, na kazi ikiisha atarudi chumbani kwake.

Mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko wote darasani. Nililiandikia insha, nikapata alama za juu. Nalisema mapema ili asiwepo wa kunihurumia.

Mwaka ulikuwa 2008. Guangzhou nzima ilikuwa imefungwa mianzi ya mafundi na nyavu za kijani, jiji linajipamba kwa ajili ya michezo ya Asia. Mimi Jovitha, binti wa Bukoba, nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya mipango miji, nasomeshwa na serikali ya China. Jengo tulilopewa lilikuwa mtaa wa Sanyuanli, nyuma ya ofisi za kusafirisha mizigo: ghorofa nane, hakuna lifti, lilijengwa na kiwanda cha masufuria kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kiwanda kilishakufa, wafanyakazi wakastaafu, vyumba vikabaki mikononi mwao, na vingi walivipangisha. Vyumba kumi na viwili walilala Waafrika, wengi wao wafanyabiashara wa kwetu. Mchina mwenye karatasi akiwagongea hawafungui. Ndiyo sababu Profesa akanichagua mimi.

Kwangu walifungua, wakanipa kiti, wakanipa chai ya tangawizi, halafu wakaninyima majina.

Lazima nieleze hili, maana bila hili mtu hawezi kuelewa. Sisi kule tulikuwa na adabu yetu. Jina la mwenzako hulitaji mbele ya mtu mwenye kalamu. Unaweza kula na mtu miaka miwili, ukamuuguza, ukampeleka uwanja wa ndege, na usijue ubini wake. Alikuwa Bosi Kahama, au Mzee Simu, au Dada wa Sita kwa sababu anakaa ghorofa ya sita. Kuuliza zaidi ya hapo ni utovu wa adabu, na kumwandika mtu ni usaliti. Nami niliishika adabu hiyo siku ya kwanza tu niliposhuka kwenye ndege, nikajiona mwerevu.

Shedrack ndiye aliyekuwa Bosi Kahama. Alikuwa ananunua simu, viza yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita, na alikuwa na sauti ya upole inayomfanya mtu akubali kabla hajaelewa anakubali nini. Aliwakusanya wenzake kumi chumbani kwake ghorofa ya tano, wakakaa juu ya marobota ya nguo.

"Dada Jovitha, sisi hatuna ugomvi na mradi wako," alisema. "Laoban wetu, hawa wenye vyumba, nao hawataki makuu, wanakwepa kodi yao. Wewe andika meiyou. Hakuna mtu. Andika stoo ya mizigo, na mzigo si huu hapa tumeukalia?"

Wakacheka. Mimi nikawaambia kwamba wasipoandikwa hawatapewa pa kukaa wala pa kurudi. Nililisema hilo kwa uwazi, nashukuru angalau hilo nililisema. Wakasema watajihamisha wenyewe, wamezoea. Kando ya mlango alikuwa amesimama Felisia, ndiye Dada wa Sita, amempakata mtoto wa miezi minne ambaye alizaliwa chumbani na hakuwa na karatasi yoyote duniani, si ya China wala ya kwetu. Alinitazama tu, nami nikaandika stoo mara kumi na moja.

Walikuwa wamechagua wenyewe, na kwa hao dhamiri yangu ingelala. Aliyebaki ni wa kumi na mbili.

Clementina alikaa chini kabisa, mlango wa kwanza kushoto ukiingia. Wafanyabiashara walimwita Mama Zipu. Jinzi zilizonunuliwa kwa jumla soko la Shahe mara nyingi huwa na zipu zinazokwama, vifungo vinavyoning'inia, mshono ulioruka, na yeye alizirekebisha kabla hazijafungwa kwenda Mwanza na Kigoma. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nyonga yake ya kulia mbovu, ngazi hapandi. Miaka sita alikuwa pale, na karatasi zake zote zilikuwa safi: pasi, viza, na ile hati ya polisi ya mtaa inayosema mgeni analala wapi. Alizihifadhi kwenye bahasha ya plastiki iliyotundikwa ukutani karibu na picha ya Moyo Mtakatifu.

"Niandike jina lote, mwanangu," aliniambia. "Clementina Elinami Massawe. Na uandike kwamba nyonga yangu haifai, wasije wakanipangia ghorofa ya tatu."

Niliandika. Tulipofika swali la tisa, lile linalouliza mkazi angependa nini kibadilike, aliniomba nimwachie hadi kesho. Nikadhani amechoka. Kesho yake nilimkuta amechora kwa chaki ya fundi kwenye kipande cha khaki: ukuta wa upande wa uchochoro, na katikati yake dirisha. Alitaka mwanga uifikie cherehani asubuhi, macho yake yalikuwa yanamsumbua chini ya taa.

"Sijawahi kuulizwa na mtu hapa nataka nini," alisema. "Nikaona nisikujibu ovyo."

Nikaandika dirisha, nikaandika na upande wake na kimo chake kutoka sakafuni. Aliifuatilia kalamu yangu mpaka nukta ya mwisho.

Jioni ile Shedrack alinisubiri kituo cha metro. Alikuwa amesikia. "Yule mama akiwa kwenye karatasi, watakuja kumhoji na mtu wa kamati ya mtaa na askari wake," alisema. "Wakishamwona Mwafrika mmoja kwenye orodha, dada yangu, watapanda ngazi kuangalia wengine. Na kule juu unajua kuna nani." Hakutaja mtoto. Hakuwa na haja.

Nilimwambia nitafikiri. Kumbe nilikuwa nimeshafikiri. Bwenini niliketi kuandika nakala safi, ile ya kukabidhi, na nilipofika chumba cha kwanza kushoto nikaandika stoo. Kwenye swali la tisa nikapiga mstari. Haikunichukua hata dakika moja. Nilijiambia kwamba mmoja si kumi na mmoja, na kwamba Mama Clementina, mwenye karatasi safi, hatakosa pa kwenda. Nilijiambia pia kwamba nitamweleza kesho. Kesho sikumweleza, na keshokutwa nikawa napita uchochoro wa nyuma ili nisipite mlangoni kwake.

Kila fomu ilihitaji alama ya kidole cha mwenye chumba. Chumba cha Clementina kilikuwa cha Bibi Liang, mjane, aliyekuwa karani wa kile kiwanda miaka thelathini. Naye alikaa mlango wa pili. Wote tulimwita A-Po, ndivyo Wakantoni wanavyomwita bibi. Alivaa miwani, akasoma kurasa zote tatu, kisha akaweka ukucha juu ya neno lile.

"Huyu si stoo," alisema. "Huyu ni Mama Zipu." Alilitamka kwa Kiswahili, jina hilo alilijua. "Kwa nini hayumo?"

"Wageni wana fomu yao pembeni, A-Po," nilimjibu kwa Kichina changu kizuri cha chuo. "Hii ni ya wenyeji tu."

Alinitazama juu ya miwani. Nilikuwa na kitambulisho cha mradi shingoni, nilikuwa msomi, na nilikuwa mtu wa kwao Mama Zipu. Akachovya dole gumba kwenye wino mwekundu.

Orodha ilibandikwa mwezi wa Novemba kwenye ukuta wa lango, na juu yake michoro ya jengo jipya, rangi tupu: lifti, njia ya viti vya magurudumu, ukumbi wa wakazi. Tangazo lilitoa siku kumi na tano za malalamiko. Ghorofa za juu zingeguswa baada ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, lakini stoo za chini zilitakiwa ziwe wazi ndani ya siku kumi, maana mafundi walikuwa wanahitaji pa kuweka saruji.

Clementina alikwenda mwenyewe ofisi ya kamati na bahasha yake ya plastiki. Walimtolea fomu, wakamwonyesha: stoo, na chini yake dole gumba jekundu la mwenye chumba. Wakamwambia akazungumze na mwenye chumba.

Akanipigia simu mimi. "Njoo unitafsirie," alisema. "Mimi na A-Po tunaelewana kwa kuchanganya, kwa mikono, kwa sufuria. Jambo hili ni zito, sitaki kukosea neno."

Na kweli walikuwa wanaelewana. Jumapili bibi alikuwa anamletea supu ya mizizi kwa ajili ya nyonga, na Clementina alikuwa anamgeuzia kola za mashati ya marehemu mumewe ambayo bibi alikuwa akiyavaa mwenyewe nyumbani. Walitazama tamthilia pamoja, hakuna aliyejua kama mwenzake anaelewa. Sasa walikaa mkabala, na mimi katikati kwenye kigoda.

"Muulize," alisema Clementina, "kwa nini amenifuta?"

Nikauliza. Bibi Liang alishtuka, akaweka kikombe chini. "Sikumfuta mimi," alisema polepole, ili nisikose neno. "Mimi nilisema huyu ni mtu, si stoo. Wewe ukaniambia wageni wana fomu yao. Mweleze. Pengine fomu hiyo imepotea, tuitafute."

Clementina alinigeukia, anangoja. Cherehani ilikuwa nyuma yake, na juu ya meza rundo la jinzi ambazo hazijaguswa siku hiyo. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema kweli. Sikuwa nimebanwa na mtu, Shedrack hakuwepo, Profesa hakuwepo. Nikafungua mdomo, nikasema:

"Anasema alitia kidole bila kusoma. Anaomba radhi."

Nilidhani ni uongo mdogo, wa kumwokoa kila mtu. Sikufikiri kwamba Clementina anamjua bibi yule kuliko mimi. Mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi, atie kidole kwenye karatasi ya nyumba yake bila kusoma? Niliuona uso wa Clementina ukifungika.

"Karani wa miaka thelathini," alisema. "Asome kila kitu, asisome hiki. Mwambie sikumtegemea awe mwongo. Mwambie supu yake asiilete tena."

Na hilo nililitafsiri sawasawa, neno kwa neno, sijui ni shetani gani alinipa ufasaha ule. Bibi Liang alinitazama mimi, akamtazama yeye, akajaribu kusema jambo kwa ile lugha yao ya mikono, lakini Clementina alikuwa ameshainuka na kushika mlango. Bibi akatoka. Kikombe chake kilibaki mezani.

Siku ya tisa wageni wa Ulaya walikuja kuliona jengo. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, mpole, mwenye daftari, aliuliza kuhusu wapangaji wa kigeni, wameshirikishwaje. Profesa Huang alinishika bega, akasema hilo ni eneo la Jovitha, Jovitha ndiye daraja letu. Nikamwambia yule mama kwamba jengo hili halikuwa na wapangaji wengi wa kigeni, vyumba vingi ni vya mizigo. Akaandika. Akanishukuru kwa kazi ngumu ya kupata imani ya watu. Tukapigwa picha chini ya michoro, na nyuma yetu, mlango wa kwanza kushoto, watu wawili walikuwa wanatoa cherehani.

Niliona aibu, ndiyo, lakini nataka niseme ukweli wa aibu ile: niliogopa zaidi kwamba Clementina angenisalimia mbele ya wageni. Hakunisalimia. Alipita na bahasha yake ya plastiki mkononi, anachechemea, akaniinamishia kichwa kama unavyomfanyia mtu aliye kazini.

Siku nne baadaye sikuweza tena. Nilichukua fomu ya marekebisho ofisini, nikasema ni ya akiba, nikapanda basi hadi Shahe. Chumba pekee alichokipata haraka kilikuwa ghorofa ya saba. Fundi mwenzake chini aliniambia Mama Zipu ameshuka mara moja tu tangu ahamie, kwa misa, na alishuka kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine. Wateja wake walikuwa wameanza kupungua. Robota la jinzi hakuna mtu wa kulipandisha ghorofa saba kwa ajili ya zipu.

Alifurahi kuniona, jambo lililozidi kuniumiza. Alitaka kuinuka aweke maji ya chai, nikamwomba asiinuke. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu nakala safi, stoo, mstari kwenye swali la tisa. Nilimwambia kuhusu Shedrack, lakini nikasema kalamu ilikuwa yangu. Aliendelea kushona. Alikuwa kwenye zipu, akaimaliza, akaifunga na kuifungua mara mbili kuijaribu, akaikunja ile suruali.

"Siku ile," alisema, "A-Po alisema nini hasa?"

Nikamwambia, lote, na lile la kwamba pengine fomu imepotea, tuitafute.

Clementina alifunika uso kwa viganja. Sikuwahi kumwona hivyo, hata siku alipokuwa anatoka na vitu vyake. "Nimemwita mwongo," alisema. "Nimemfukuza nyumbani kwake mwenyewe. Miaka sita, Jovitha."

Nikatoa fomu ya marekebisho, nikaiweka mbele yake juu ya meza ya cherehani. Nilimweleza zimebaki siku mbili za malalamiko. Akitia saini, na mimi nikikiri kwa Profesa, jina lake litarudi kwenye orodha, na chumba chake kitarudi, na dirisha. Mimi huenda nikafukuzwa chuo, nikamwambia hilo asilijali. Kisha nikamweleza kilichobaki kwa sababu nilikuwa nimeapa nisimfiche tena kitu: fomu moja ikirekebishwa, jengo zima linahakikiwa upya, chumba kwa chumba, na askari wa mtaa akiwepo.

"Kule juu kuna nani?" aliuliza.

"Shedrack na wenzake. Na Felisia."

"Felisia yupi?"

"Dada wa Sita. Ana mtoto mchanga, hana karatasi hata moja."

Miaka yote ile Clementina hakuwahi kupanda ngazi za jengo lile, na wao walipokuwa wanapita mlangoni kwake walikuwa wanapita na mizigo na salamu fupi. "Nilikuwa nasikia mtoto," alisema. "Nikajua ni wa Kichina."

Aliichukua fomu, akaisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Kwenye swali la tisa alikaa muda. Halafu akaikunja kwa uangalifu, kama anavyokunja kila kitu, akanirudishia.

"Mtoto huyo asiguswe," alisema.

"Mama, chumba ni haki yako."

"Najua ni haki yangu. Ungekuja siku ile ile, ukaniambia Mama, kule juu kuna mtoto, ningekwambia futa. Ningeshika hiyo kalamu mwenyewe, nikafuta. Ungeniuliza tu, Jovitha." Hakupandisha sauti. "Uliniuliza mpaka dirisha nalitaka wapi. Hilo ukashindwa kuniuliza."

Nilianza kulia, akaniacha nilie, hakunibembeleza, nami sikustahili. Baadaye nikauliza kama naweza kumpeleka kwa Bibi Liang. Mradi ulikuwa umempa nyumba ya muda karibu na Liuhua, nilijua mlango. Nilisema nitatafsiri, safari hii kila neno.

"Nielekeze tu mlango," alisema. "Kichina nilicho nacho kinatosha kuomba radhi."

Alivaa kitenge chake cha misa juu ya sweta, akafunga chumba. Nilipompa mkono pale juu ya ngazi aliutazama, kisha akakaa chini, akajivuta ngazi ya kwanza, akajivuta ya pili. Nilitangulia mbele yake ghorofa zote saba, sina cha kubeba, nikimsikia akihema nyuma yangu.